Je, migomba ya ndizi za kupika haifanyi meiosisi?

Swali: Shuleni tumefundishwa kuwa meiosisi hupunguza kromosomu hadi nusu ili kupata seli za uzazi. Lakini kwetu Kagera ndizi za kupika tunazipanda kwa machipukizi tu, mbegu hatuzioni. Je, migomba hii haifanyi meiosisi?

Jibu: Inafanya, ila hesabu zinagoma. Nimefurahi umeliona hilo shambani.

Chukua kwanza mgomba mwitu, Musa acuminata. Kila seli yake ina kromosomu 22, yaani jozi 11. Seli ya ua inayojiandaa kuzaa gameti, yaani seli za uzazi, hunakili kwanza kromosomu zote. Kisha kila kromosomu hujipanga ubavuni mwa mwenzake, hubadilishana vipande, na wawili hao huvutwa pande tofauti: 11 huku, 11 kule. Wanafunzi wengi hukosea hapo katika mitihani. Nusu hupatikana katika mgawanyiko huu wa kwanza. Ule wa pili hutenganisha nakala tu, karibu sawa na mitosisi, yaani mgawanyiko wa kawaida unaotoa seli zinazofanana. Mwishowe zinapatikana seli nne, kila moja na kromosomu 11.

Ndizi za kupika za Kagera na Uganda zina seti tatu, kromosomu 33. Tatu hazigawanyiki kwa mbili. Kromosomu mbili zikishikana, ya tatu hubaki peke yake na kuangukia upande wowote. Zikishikana zote tatu, mbili huenda huku na moja kule. Hali hiyo hutokea katika makundi yote 11, kila kundi kivyake, hivyo seli moja yaweza kupata 15 na nyingine 18. Seli ya namna hiyo ina jeni pungufu hapa na za ziada pale, na chavua nyingi hufa. Tunda lenyewe hujaa bila kutungishwa, ndiyo maana mnavuna mikungu mizito isiyo na mbegu.

Hasara iko kwenye machipukizi. Hayo hutokana na mitosisi, kwa hiyo shamba zima hubeba jeni zilezile, na ugonjwa kama sigatoka nyeusi ukiingia haukuti mgomba uliojaliwa kinga tofauti.

Watafiti wamepitia upenyo mmoja ninaoupenda sana. Mara chache, meiosisi hushindwa kabisa kupunguza, na yai hubaki na kromosomu zote 33. Likitungishwa kwa chavua ya mgomba mwitu uitwao Calcutta 4, yenye kromosomu 11, hupatikana mmea wa 44. Seti nne hupangika wawili wawili, kwa hiyo mmea huo hutoa gameti za 22. Ukiuchavusha tena kwa chavua ya 11, unarudi kwenye 33: ndizi isiyo na mbegu, lakini yenye jeni mpya. Hivyo ndivyo NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, walivyopata aina za NARITA, ambazo zimejaribiwa pia Maruku, huko kwenu Kagera.