Mlima Elgon, upande wa Uganda: mliyoniuliza wiki hii

Nina Jumamosi moja tu, na watoto wawili. Elgon tutaiweza? (Baba Swabra, Mbale)

Mtaiweza, ila msahau kilele. Nendeni Wanale, ule ukuta wa mawe unaouona ukiwa mjini. Barabara inapanda mpaka juu, na ndani ya hifadhi kuna njia ya kwenda pango la Khauka. Ondokeni alfajiri, kwa sababu mvua ya huku hupenda kuja mchana.

Lazima niende na askari wa hifadhi? Mimi ni mtoto wa hapahapa.

Lazima. Mamlaka ya Wanyamapori haitazami kwenu ni wapi. Kitambulisho kitakusaidia kwenye malipo tu: raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mgeni wa mbali.

Natoka Busia, nataka kupanda Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, mwezi wa Desemba. Nipite njia gani, na nibebe nini?

Desemba umechagua vizuri, mvua huwa zimepungua. Njia fupi ni ya Sasa, inayoanzia Budadiri. Tenga siku nne kwenda na kurudi. Ufupi wake usikudanganye. Siku ya kwanza unapita migomba na mibuni ya watu, kisha unakutana na genge la Mudangi, ambako unapanda kwa ngazi. Baada ya hapo ni mianzi, halafu baridi. Kambi ya pango la Mude iko kwenye kimo cha kama mita 3,500, na maji uliyoacha nje usiku unaweza kuyakuta yameganda. Wagagai yenyewe ni mita 4,321.

Kwa hiyo: begi zito la kulalia, koti la mvua, soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni. Viatu vya bei kubwa si lazima. Watazame wapagazi, wengi wamevaa gambuti, nao ndio wanaoyajua matope yale. Wapagazi hao walipeni vizuri, jamani. Mtu amekubebea sufuria na unga mpaka juu, halafu unabishana naye shilingi elfu mbili!

Kichwa kikianza kuuma huko juu, nimeze dawa niendelee?

Usipande zaidi. Mwambie askari mapema, pumzika, kunywa maji. Kikizidi, au ukianza kutapika na kuyumba, shuka saa ileile, hata kama kilele unakiona.

Sipi nayo ni ndani ya hifadhi?

Hapana, maporomoko yote matatu yako nje, upande wa Kapchorwa. Kubwa lao lina karibu mita 100. Kubalianeni bei na kijana wa kuwaongoza kabla hamjaanza kutembea.