Fundi Anajibu: Sanduku la vipande 82, au plaizi moja ya maana?

SWALI: Shikamoo fundi. Binti yangu ana miaka 18, Januari anaanza fani ya umeme wa majumbani VETA hapa Morogoro, na fundi mmoja wa mtaani kwetu amekubali awe anamfuata saiti kila Jumamosi. Nimetenga shilingi 150,000 za vifaa. Dukani nimeoneshwa sanduku jeusi la vipande 82, linafunguka kama mkoba wa wakili, na chenji inabaki. Mama yake anasema nichukue. Mimi roho inasita. Tena mikono yake ni midogo, sijui kama nalo ni la kuuliza.
Baba wa Fundi Mtarajiwa, Morogoro

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Roho yako isikilize. Sanduku kama hilo nilimnunulia mpwa wangu, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini kazini, sina pa kujitetea. Tulipolipekua, zaidi ya nusu ilikuwa soketi za kufungulia nati, mali ya fundi magari. Vichwa vidogo vidogo vya bisibisi vilipotelea mchangani kabla wiki haijaisha. Bisibisi yenyewe ilipinda ncha kwenye skrubu ya kwanza ya breka, ile swichi ya kinga inayokata umeme kukiwa na hitilafu. Kilichobaki na faida ni futi ya kupimia, na sanduku lenyewe, ambalo sasa linatunza misumari.

Mimi nagawa hivi: kinachogonga ukuta, nunua cha bei nafuu, kinachogusa waya, hapo ndipo fedha ikae.

Miezi ya mwanzo umeme hataugusa sana. Saidia fundi anatindua ukuta, anapitisha paipu, anavuta waya, na akiwa mdogo kuliko wote anatumwa maji ya kunywa. Nyundo na tindo vya mtumba vinatosha kabisa. Ila tindo likishachanua kichwa kama uyoga lisagwe kwanza, maana vile vipande vya pembeni huruka. Na miwani ya kukinga macho asiikose.

Bisibisi ni tatu tu. Bapa nyembamba ya milimita 3 kwa koneta, yaani viungio vya nyaya, na skrubu ndogo. Bapa ya milimita 5 na nusu kwa zilizo kubwa. Ya tatu ndiyo inayowapiga chenga hata mafundi wazima: nyota ziko aina mbili. Itazame skrubu ya breka kwa karibu. Nyingi zina vistari vyembamba vilivyochorwa katikati ya ile mikono minne ya nyota. Skrubu hiyo inataka bisibisi iliyoandikwa PZ2, si PH2, ile nyota ya kawaida. PH2 inaingia, inazunguka, unaamini umekaza, kumbe inateleza na kula kichwa cha skrubu. Waya uliolegea kwenye breka hauzimi taa siku hiyo. Unapata moto taratibu, mpaka siku moja mwenye nyumba anasema kuna harufu kama ya samaki. Nimeitwa mara nyingi kwa harufu hiyo.

Mikono midogo ni la kuuliza, tena sana. Plaizi ya inchi 8, ambayo kila muuzaji atakupa bila kuulizwa, itamchosha kiganja kabla ya saa nne asubuhi. Mchukulie ya inchi 7, na plaizi ya kukatia ya inchi 6. Pale kaunta hiyo ya kukatia ifunge, uinue kuelekea mlangoni: mwanga usipenye kwenye makali. Kisha omba kipande cha waya laini, chomoa uzi mmoja wa shaba, uukate kwa ncha. Ukipinda na kujibana katikati ya makali badala ya kukatika, rudisha. Muuzaji akinuna mwache anune. Mimi nimenuniwa Kariakoo miaka mingi.

Halafu usidanganywe na mpini mwekundu. Mipini mingi ni chuma kilichovalishwa soksi ya plastiki, na ukiivuta kwa nguvu inateleza. Iliyokingwa kweli ina alama ya pembetatu mbili zilizoungana na maandishi 1000 V, na plastiki yake haichomoki. Alama nayo huigizwa, kwa hiyo nunua duka linalotoa risiti. Na hata ikiwa halali, binti azime meni swichi kwanza.

Sasa testa. Ile ya bisibisi yenye kitaa ndani inauzwa kila kona, na fundi wake atakuwa nayo mfukoni. Inawaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita mwilini mwako kwenda chini. Ukisimama kwenye ngazi ya mbao kavu, kitaa kinafifia. Juani hukioni. Mimi nilikuwa kwenye ngazi kama hiyo, Tanga, saa saba mchana, nabadilisha taa ya ukuta wa nje. Kitaa hakikuwaka, nikashika waya. Nilishtukia niko chini kwenye maua ya mwenye nyumba, kidole kimebabuka, na kovu lake ninalo hadi leo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yako iende kwenye mita ya mkononi ya kupimia umeme (multimeter). Itafute iliyoandikwa CAT III 600 V, ndiyo alama ya daraja lake la usalama. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Afundishwe mapema: aijaribu kwanza kwenye soketi anayojua ina umeme, apime pale anapotaka kufanya kazi, kisha airudishe kwenye ile soketi kuhakikisha mita haikufa katikati.

Kisu cha kumenyea waya sikipendi kwa mwanafunzi. Kinachanja shaba, na waya wa milimita 1.5 uliochanjwa unakatikia ndani ya swichi wakati wa kuukunja. Mnunulie kimenyeo chenye matundu ya 1.5 na 2.5, hizo ndizo nyaya za taa na soketi atakazoshika kila siku. Drili na vingine vikubwa atavikuta kwa fundi wake.

Mkoba ashonewe wa turubai na fundi cherehani. Kila kifaa akipake rangi ya kucha kwenye mpini, maana plaizi za saiti zina miguu. Dukani nenda naye, aikamate plaizi mwenyewe, aifungue na kuifunga mara ishirini kabla hujatoa hela. Chenji ikibaki, mnunulie viatu vya kufunika vidole vyenye soli nzito ya mpira. Mabinti wengi nimewaona wakija saiti na ndala.