Mume wangu anataka kupanda mbegu ya milioni moja

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi na mume wangu ni wakulima wa kahawa huku Mbozi. Mwaka huu AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, imetulipa shilingi 1,800,000. Hata hatujakaa kupanga, mume wangu akamsikia mtumishi mmoja redioni akisema kwamba atakayepanda mbegu, yaani kutoa sadaka, ya milioni moja kwa imani atavuna mara mia. Sasa anataka kuituma kwa simu. Mimi nina mkopo wa 400,000 wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, niliochukua wakati wa palizi. Kijana wetu amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, anatakiwa godoro, sare na nauli. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, siku hizi anapapasa ukuta kutafuta mlango. Nikiyasema haya naambiwa napenda fedha kuliko Mungu. Je, natenda dhambi?
Mama wa watoto watatu, Mbozi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hutendi dhambi.

Mstari unaotupiwa naufahamu, 1 Timotheo 6:10, kwamba shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha. Ni neno la kweli, na mimi nimeona ndugu wa tumbo moja wakiburuzana mahakamani kwa ajili ya kihamba, shamba la urithi, cha baba yao. Lakini rudini nyuma kidogo, aya ya 5 ya sura hiyo hiyo. Paulo anawataja watu "wakidhani ya kuwa utauwa ni njia ya kupata faida"; utauwa ni kumcha Mungu. Hao ndio aliowalenga. Milioni moja mara mia ni milioni mia. Anayetoa akiwa na hesabu hiyo kichwani bado anaitafuta fedha, ila sasa anaitafutia madhabahuni.

Simlaumu sana mume wako. Mkulima anayengoja malipo ya kahawa mwaka mzima, huku madeni yakimtangulia, ana kiu halali ya kupumua. Anayeniudhi ni yule aliyeijua kiu hiyo akaifanya mradi.

Hiyo "mara mia" inatoka Marko 10. Petro alimwambia Yesu, sisi tumeacha vyote tukakufuata. Yesu akamjibu kwamba aliyeacha nyumba au mashamba kwa ajili yake atapokea mara mia sasa wakati huu, "pamoja na udhia", yaani mateso. Redioni hapo pa udhia hawafiki. Tena mfuateni Petro mwenyewe aliyeahidiwa. Katika Matendo 3 anakutana na kiwete mlangoni pa hekalu, anamwambia, "Mimi sina fedha, wala dhahabu." Alipata kweli, lakini alichopata ni ndugu waliomfungulia nyumba zao, kama Lidia alivyomfungulia Paulo kule Filipi.

Mume wako atakuletea pia Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani. Mwambie amalizie: "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Chakula cha nani? Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inajibu kwamba kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni pa mji, wakala Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wakashiba.

Sisi Walutheri jambo hili tunalijua tangu mwanzo wetu. Mwaka 1517 mtawa Tetzel alipokuwa akiwauzia watu vyeti vya msamaha wa adhabu ya dhambi kule Ujerumani, Martin Luther aliandika hoja 95 kupinga biashara hiyo. Ya 43 inasema anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vema kuliko anayenunua vyeti hivyo. Ya 46 ni kama imeandikiwa nyumba yenu: asiye na ziada aweke fedha ya mahitaji ya nyumba yake, asiitapanye kwa vyeti.

Kwa hiyo msiache kutoa. Hazina ya mbinguni ipo, naiamini kwa moyo wangu wote, na nimeiona ikiwekwa. Usharikani kwetu, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, bibi mmoja mjane alileta mayai matatu ndani ya kikapu kidogo, yamefunikwa kwa jani la mgomba. Mwalimu mmoja kijana akayanunua kwa elfu kumi, kisha akavuka uwanja, akamrudishia bibi mayai yake, akasema akapike na wajukuu. Usharika ulipata elfu kumi, bibi akala, na mwalimu hakubaki na chochote mkononi. Hakuna aliyemwahidi mwalimu yule gari.

Sasa fedha yenu. Toeni fungu la kumi, 180,000, hapo hapo mnaposali, mahali ambapo matumizi yanasomwa mbele ya washarika. Kisha lipa kikoba, maana walioweka hisa ni wanawake wenzako wenye shida kama zako, na Zaburi 37:21 inasema asiye haki hukopa wala halipi. Kijana apate godoro. Mbolea ya msimu msiisahau.

Kuhusu mama mkwe, mwombe mume wako asome Marko 7:9-13 kwa sauti, wewe ukiwa umekaa naye, bila kumsuta. Walikuwepo watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, hivyo hawana cha kuwasaidia wazazi. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Huyo ni mama yake mzazi, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, mtu akaona tena. Mpelekeni Mbeya kabla mvua hazijaanza, na mzungumze na daktari wa macho juu ya gharama kabla ya kutuma hata shilingi moja kwingine.