Maswali Yenu: Sura ya Mtu kwa Rangi za Mafuta

*Maalim, namchora babu yangu. Kila kunyanzi nimelitia, na bado hafanani. (Kijana wa Langoni)*

Makunyanzi hayo ndiyo yanayokuharibia. Mketishe mzee barazani asubuhi, jua limpige upande mmoja, kisha finya macho mpaka makunyanzi yapotee. Utabaki na sehemu tatu: ya mwanga, ya kivuli na ya kati. Zipake hizo kwanza kwa burashi pana, bila jicho wala mdomo. Jamaa yako humtambua kutoka mwisho wa kichochoro, hujaona hata macho yake: kofia ilivyokaa, shingo ilivyoinama, giza lililo chini ya paji. Kufanana kumo humo. Burashi nyembamba ifiche hadi mwisho, na hata hapo, jicho lililozama kivulini liache lizame.

*Nikichanganya kahawia na nyeupe, ngozi yatoka ya majivu. (Binti wa Mkomani)*

Nyeupe imezidi. Kivuli kifanye kwa kahawia ya amba na bluu ya ultramarini. Mwanga uupate kwa manjano ya oka na nyekundu. Nyeupe iguse paji na ncha ya pua tu, na mtu akiwa nje, hapo panapong'aa huwa na ubuluu wa mbingu. Wala usifilisike kwa tyubu za rangi: mchoraji Anders Zorn wa Uswidi (1860–1920) anasifika kwa rangi nne tu, yaani nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi.

*Mama ataka achorwe na buibui lake. Weusi wote ule nifanyeje? (Shela)*

Bahati yako! Lifanye pande moja la giza, usihangaike na mikunjo. Changanya amba na ultramarini badala ya nyeusi tupu, na ukingo mmoja tu uonekane wazi dhidi ya ukuta. Uso utajitokeza wenyewe.

*Siku tatu haijakauka. Niianike juani?*

La. Haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hushika oksijeni ya hewani yakaganda. Iweke penye hewa, mbali na mchanga. Amba huwahi, nyeupe ya titaniamu huchelewa. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ama picha itapasuka. Vanishi ingoje miezi sita au zaidi. Na matambara yaliyolowa mafuta hayo usiyarundike, maana huweza kushika moto yenyewe: yatie kwenye kopo la maji lenye kifuniko, hasa kama juu yako ni makuti.