Kabla utoe dola zako, acha telefone yenyewe iseme

Hapa Lubumbashi swali ninaloulizwa kuliko yote ni "yaya, ninunue telefone gani?", na zamani nilikuwa najibu kwa jina la kampuni, sijui Samsung, sijui Tecno, siku hizi sijibu hivyo tena. Namwambia mtu fungua kwanza brauza. Brauza ile ile unayosomea habari ina nguvu ya kukusaidia kuchagua telefone ukiwa nyumbani na nguvu ya kuipima ukiwa kwenye butike, na hakuna franga unalipa, ni mistari michache ya kodi (code, maagizo unayoiandikia brauza) tu.

Soko letu mnalijua. Telefone zinaingia kutoka Dubai, zingine zinapitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zingine zinaletwa na mtu mmoja kwenye valizi, kuna mpya, kuna okasio, yaani iliyokwisha kutumiwa, kuna okasio iliyosafishwa na kurudishwa kwenye boksi ili ionekane mpya, na kuna feki kabisa. Zote zinakaa kwenye meza moja pale soko la komine ya Kenya au mujini, na zote zina stika nzuri ya "16GB RAM" (RAM ni memori ya haraka ya kufanyia kazi). Stika imeandikwa na mtu anayetaka kuuza. Setingi za telefone feki nazo zimeandikwa na mtu anayetaka kuuza, hilo wengi hawalifikirii, wanadhani wakiingia "Kuhusu simu" wameona ukweli.

Tuanze nyumbani, kwenye kulinganisha. Kurasa za kulinganisha telefone, kama GSMArena, ni nzuri lakini ukizisoma kwenye kioo kidogo unachoka, na kurasa zingine tangazo linaganda juu, kingine kinaganda chini, maneno yanabaki kwenye kadirisha katikati. Hapo njo JavaScript inaingia. Ni lugha iliyozaliwa mwaka 1995 pale Netscape, Brendan Eich aliiandika toleo la kwanza kwa siku 10, na hadi leo kila brauza inaielewa. Unaweza kuweka kodi yake ndani ya favori (bookmark, ukurasa uliohifadhi kwenye brauza), pale ambapo anwani ya ukurasa ingekaa, ukigusa favori ile kodi inafanya kazi juu ya ukurasa uliofungua wakati huo.

Kwa Chrome ya Android unafanya hivi: hifadhi ukurasa wowote kwenye favori kwa ile nyota, halafu ingia kuihariri, ipe jina fupi kama "safisha", futa anwani, bandika kodi hii:

javascript:(()=>{document.querySelectorAll('body *').forEach(e=>{if(['fixed','sticky'].includes(getComputedStyle(e).position))e.remove()});document.body.style.overflow='auto'})()

Sasa nenda kwenye ukurasa unaokusumbua, andika "safisha" pale juu kwenye sehemu ya anwani, Chrome itakuletea ile favori chini yake, iguse hapo hapo. Usiende kuigusa kwenye orodha ya favori. Pia usibandike kodi moja kwa moja kwenye anwani, Chrome inakata neno "javascript:" la mwanzo kwa ajili ya usalama na hakuna kitu kitatokea.

Ya pili ninayoipenda zaidi inaficha mistari yote ya jedwali isipokuwa ile inayohusu pesa yako:

javascript:(()=>{const m=/Chipset|Resolution|Internal|mAh|4G|OS/;document.querySelectorAll('tr').forEach(t=>{if(!m.test(t.textContent))t.style.display='none'})})()

Ukurasa mrefu unabaki mistari michache: prosesa (ubongo wa telefone), kioo, memori, batri, netiweki, na toleo la Android. Ukitaka kuongeza kitu, weka neno lingine kati ya vile vimistari vya kusimama. Maneno niliyaacha kwa Kiingereza sababu kurasa zenyewe ziko kwa Kiingereza, ukisoma ukurasa wa Kifaransa badilisha.

Lakini mtu asikudanganye kwamba kodi hizi zinapunguza mega, yaani data ya intaneti unayotumia. Wakati unaigusa, picha zimeshashuka, mega zimeshaenda. Kama shida yako ni mega, weka Firefox kwenye Android, tangu mwisho wa 2023 inapokea ekstensheni (programu ndogo za kuongeza kwenye brauza) nyingi bila masharti, uweke uBlock Origin, ile ya kuzuia matangazo, kwa setingi zake kuna mahali pa kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, hizo hazishuki kabisa hadi uziombe. Chrome ya Android haipokei ekstensheni. Firefox hiyo hiyo inapokea pia Tampermonkey au Violentmonkey, yaani kodi yako inajiendesha yenyewe kila ukifungua ukurasa fulani, haina haja ya kugusa favori.

Sasa ile mistari iliyobaki, usome nini? Mimi naanza na prosesa, watu wengi wanaanza na kamera. Mfano Helio G99 imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6, Unisoc T606 na Helio G85 ni nanomita 12. Namba ikiwa ndogo, prosesa inafanya kazi ile ile kwa umeme kidogo, na sisi tunaoishi na delestaji, umeme wa kukatwa-katwa, tunajua thamani ya batri inayofika jioni. Telefone mbili zinaweza kuwa na batri ya 5000 mAh zote na moja ikazima mapema, sababu mara nyingi iko hapo kwenye prosesa.

Halafu RAM. Ile stika ya "16GB" mara nyingi ni 8+8, au "8GB" ambayo ni 4+4. Nusu ya pili si RAM, ni kipande cha memori ya kawaida kinachoazimwa, na memori ya kawaida ni ya polepole sana ukilinganisha na RAM yenyewe. Si uongo wa sheria, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo chini, lakini usilipie 8 kama ni 4. Na uangalie kampuni inaahidi apdeti za miaka mingapi: Galaxy A16 ya Samsung imeahidiwa miaka 6, Pixel 8 ya Google miaka 7, telefone nyingi za bei ya chini ni muda mfupi zaidi ya hapo. Kama unaweka M-Pesa au Airtel Money na pesa ya familia ndani ya telefone, apdeti za usalama si mchezo.

Sasa umechagua, unaenda kununua. Hapa njo pa muhimu kabisa, na ndiyo sababu niko naandika haya yote. Tengeneza ukurasa mdogo wako mwenyewe, huu hapa wote:

<pre id=a></pre><script>
const g=document.createElement('canvas').getContext('webgl');
const d=g.getExtension('WEBGL_debug_renderer_info');
a.textContent=['RAM: '+navigator.deviceMemory,
'Kori: '+navigator.hardwareConcurrency,
'Kioo: '+Math.round(screen.width*devicePixelRatio)+' x '+Math.round(screen.height*devicePixelRatio),
'GPU: '+g.getParameter(d.UNMASKED_RENDERER_WEBGL)].join('\n');
</script>

Uweke kwenye GitHub Pages, mahali pa kuweka kurasa zako kwenye intaneti, ni bure, na muhimu anwani yake inaanza na https, bila hiyo Chrome inakataa kusema RAM. Ukurasa mzima ni mwepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Ukifika kwenye butike washa hotspoti ya telefone yako, unganisha ile unayotaka kununua, fungua ukurasa kwa Chrome.

Mstari wa RAM unatoa namba iliyokatwa, kama 2, 4 au 8, hautakupa 3 wala 6, kwa hiyo telefone ya 6 ikiandika 4 usigombane na mtu. Ikiandika 2 na boksi linasema 8, gombana. Ile RAM ya kuazima haihesabiwi hapa. Kioo kinakupa pikseli halisi: ukiona 720 kwa upande mfupi na boksi limeandika Full HD, jua ni HD ya kawaida (telefone kubwa za Samsung zinaruhusu mtu kupunguza kioo kwenye setingi, angalia hilo kabla ya kulaumu).

Ila mstari wa dhahabu ni ule wa GPU, sehemu ya prosesa inayochora picha. Prosesa za Snapdragon zina GPU inayoitwa Adreno. MediaTek na Unisoc wanatumia Mali au PowerVR. Exynos za Samsung zina Mali, au Xclipse kwa baadhi yake kuanzia Exynos 2200 ya 2022. Kwa hiyo boksi likisema Snapdragon na ukurasa ukaandika Mali, mazungumzo yameisha. Na usiishie kwa jina la familia, angalia na namba: Helio G99 ina Mali-G57, G85 ina Mali-G52.

Kuna dada mmoja wa Katuba aliomba nimsindikize, amepata Galaxy S23 Ultra "ya Dubai" kwa bei ambayo hata Galaxy A ya kawaida haitoki. Telefone ilikuwa nzuri kwa macho, kalamu iko, kioo kimepinda, setingi zinasema Snapdragon 8 Gen 2, RAM 12. Muuzaji, baba wa heshima tu, alituachia tuishike bila haraka. Nikafungua ukurasa. RAM: 2. Kori: 4. Kioo: 720. GPU: PowerVR Rogue GE8100. Yule dada akasoma mstari kwa mstari kwa sauti, akaniangalia. S23 Ultra ya kweli ina Adreno 740 na kori (viini vya prosesa) 8, ile GE8100 inakaa ndani ya MediaTek MT6739, prosesa ya telefone za bei ya chini iliyotoka tangu 2017. Muuzaji akasema "boss wangu, hayo ni mambo ya intaneti, angalia kwenye setingi". Nikamjibu "papa, setingi zinaandika kile walichoziambia, huku tumeuliza GPU yenyewe." Hakukasirika, akaichukua akaiweka chini ya meza, na mimi naamini hata yeye aliuziwa hivyo na mtu mwingine. Yule dada alirudi na dola zake nyumbani, hizo zilikuwa za likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, si zake peke yake.

Nisiwadanganye, fundi mwenye akili sana anaweza kutengeneza feki inayodanganya hata Chrome. Lakini nyingi za sokoni zimebadilishwa juu juu tu, kwenye setingi na kwenye programu chache ambazo wanajua watu wanapimia.

Jambo moja linalotisha watu bure: ukipima kwa ukurasa mwingine unaoonyesha utambulisho wa brauza utaona "Android 10, K" hata kama telefone ni mpya ya jana. Usikimbie. Tangu 2023 Chrome inaandika hivyo kwa telefone zote kwa makusudi, ili kurasa zisikufuatilie.

Kwa iPhone ukurasa huu unasema kidogo, Safari haitoi RAM, na GPU inaandika "Apple GPU" tu. Lakini hilo tu linatosha kukamata iPhone feki, sababu ndani yake ni Android na itaandika Mali au PowerVR. iPhone ya kweli wewe angalia afya ya batri kwenye setingi, hakikisha mwenyewe ametoka kwenye iCloud yake mbele ya macho yako, na kama ni iPhone 14 kwenda mbele iliyouzwa Marekani, ujue haina mahali pa kuweka SIM kadi, ni eSIM (SIM iliyo ndani ya telefone, bila kadi) peke yake. Uliza operata wako kwanza kama atakupa eSIM, usije ukabaki na kioo cha WiFi.

Na kodi, wandugu, kodi ya mtu usiyemjua usiibandike. Favori yenye JavaScript ina uwezo wote juu ya ukurasa uliofunguka: ukiigusa ukiwa Facebook inaweza kuandika kwa jina lako, na ile ya Tampermonkey ni mbaya zaidi sababu inajiendesha bila wewe kujua. Hizi nimeziandika fupi makusudi ili msome kila neno, na kama kuna neno halieleweki ulizeni kijana yeyote anayesoma informatiki kabla ya kuligusa.

Yaliyobaki ni ya haraka. Piga *#06#, IMEI, namba ya utambulisho wa telefone, itatokea, lazima ifanane na ile ya kwenye boksi. Kwa Samsung *#0*# inafungua majaribio ya kioo, pitisha kidole kila kona. Piga simu kwa laini yako mwenyewe, piga picha, ingiza faili kubwa la filamu na ulifungue hadi mwisho, memori feki inaharibu faili kubwa. Kabla ya kulipa mpigie fundi wako umuulize kioo cha modeli hiyo ni bei gani na kama kinapatikana hapa mujini, juu telefone nzuri isiyo na kioo cha kubadilisha, ikianguka mara moja imekwisha, na hapo zile za Tecno, Infinix, itel na Samsung za A zina faida kubwa kuliko kampuni ambayo hakuna anayeijua. Omba fakture, IMEI iandikwe kwa mkono pamoja na tarehe na siku za kurudisha mlizokubaliana, muuzaji asaini, halafu uipige picha ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp, sababu wino wa zile karatasi za mashine unafutika.