Spageti zinashikana, baklava inalowa chini: nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo chef. Niko Mbeya, Jumamosi wakwe zangu wanakuja na jumla tutakuwa watu 8. Nataka niwapikie spageti ya nyanya halafu mwisho niwape baklava, kile kitamu cha matabaka membamba ya unga yenye korosho au njugu ndani na shira juu. Shida ni kwamba spageti zangu kila siku zinashikana, hata nikiweka mafuta kwenye maji na nikizisuuza, na sosi inabaki chini ya sahani majimaji tu. Baklava nilijaribu kwa manda za sambusa na majarini, juu ikatoka rangi nzuri lakini chini ililowa kabisa, na shira iliganda ikawa chengachenga. Filo, zile karatasi nyembamba za unga za kutengenezea baklava, huku sijaziona. Nakosea wapi? Na je, naweza kuipika Ijumaa?

JIBU: Marahaba dada yangu. Umeeleza vizuri mpaka nimeona jiko lako. Na nikuambie kitu, nyingi ya hizo shida unazozitaja ukizifuatilia zinaishia sehemu moja, nayo ni maji: kwenye spageti unamwaga maji ambayo yangekusaidia, na kwenye baklava unaingiza maji ambayo hayatakiwi kabisa. Ukishalielewa hilo, mengine ni kufuata tu.

Tuanze na spageti. Wewe uko Mbeya, juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemkia joto la chini kwa nyuzi moja, kwa hiyo ya kwako yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi wakati ya Dar au Tanga yanafika 100. Kwa macho yanatokota vilevile, ila joto lake ni dogo. Sasa pakiti imeandikwa dakika 9, wewe unatoa dakika 9 unakuta ndani bado ngumu, unarudisha jikoni, unageukia mambo mengine, ukirudi zimeshavurugika. Usipike kwa saa, pika kwa jino. Kuanzia dakika ya 9 toa uzi mmoja, ukate kwa meno, angalia pale ulipokatika, utaona kitone cheupe katikati. Kikiwa kikubwa bado, kikibaki kidogo cha kuonekana kwa shida ndo wakati wa kutoa, maana zitamalizia kuiva kwenye sosi. Kwa hapo Mbeya tegemea dakika 11 mpaka 12 kwa spageti za kawaida.

Kushikana kunatokana na wanga. Spageti ikiingia kwenye maji ya moto, wanga wa juu unavimba na kunata, hasa zile dakika mbili za mwanzo, na dawa yake ni maji mengi na mwiko, basi. Lita 1 kwa kila gramu 100, na mtu mmoja anakula gramu 100, kwa hiyo kwa watu 8 tumia sufuria mbili kubwa kuliko kuzibananisha kwenye moja. Chumvi gramu 10 kwa lita, kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha, na iwekwe maji yakishachemka kabla spageti hazijaingia, maana chumvi ya kunyunyizia mwishoni haiingii ndani. Ukishazitia, koroga mfululizo dakika mbili, baadae mara mojamoja.

Mafuta kwenye maji acha kabisa. Yanaelea juu tu, hayazuii chochote, na ukichuja yanazipaka spageti utelezi, sosi ikimwagwa inateleza kwenda chini, ndo hiyo unayoikuta kwenye sahani. Kusuuza ni hivyohivyo, unaondoa ule wanga ambao ndo gundi ya sosi. Labda kama unatengeneza saladi ya baridi, hapo suuza.

Na angalia unanunua nini dukani. Pakiti iwe imeandikwa durum, ni ngano ngumu yenye protini nyingi na spageti zake zinavumilia moto. Zile tambi nyembamba tunazokaanga na kupika kwa sukari na nazi wakati wa Ramadhani ni tamu sana kwa kazi yake, ila kwa hii usizitumie, zitakuvurugikia.

Sosi usiihangaikie sana. Kilo moja na nusu ya nyanya zilizoiva kweli, zikwangue kwenye kikwaruzo maganda yabaki mkononi. Punje 6 za kitunguu swaumu zikate vipande vyembamba, ziweke kwenye mafuta yakiwa bado ya baridi, robo kikombe hivi, ya zeituni kama mfuko unaruhusu na kama hauruhusu alizeti inafaa, halafu washa moto mdogo. Kikianza kupata rangi ya dhahabu mwaga nyanya hapohapo, kikiwa kahawia tupa uanze upya kwa sababu uchungu wake hautoki hata uweke sukari. Chumvi, moto wa wastani dakika 25 mpaka 30, mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni ya sufuria. Majani ya mrehani yachane kwa mkono uyatie mwishoni.

Sasa hapa ndo penye kazi yenyewe. Kabla hujachuja, chota vikombe viwili vya yale maji ya spageti, yale meupemeupe. Pasha sosi kwenye kikaango kipana, tia spageti, tia upawa mmoja wa yale maji, ongeza moto uwe mkubwa na ugeuzegeuze kwa nguvu dakika moja mpaka mbili. Utaona kabisa mabadiliko, mwanzo majimaji yanazunguka peke yake chini, baadae wanga unayashika mafuta na maji pamoja, sosi inakuwa nzito inayong'aa na inang'ang'ania kila uzi. Ukipitisha mwiko chini ya kikaango ukaona njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga, toa. Ikikauka sana ongeza maji kidogo. Fanya kwa mafungu mawili, watu 8 hawatoshi kwenye kikaango kimoja cha nyumbani, na kama una jibini ngumu ya kukwaruza iweke moto ukishazimwa, la sivyo itavutika na kufanya mabonge.

Haya, baklava.

Ulitumia majarini, na majarini ya kupaka mkate ina maji ndani, hata siagi ya kawaida kati ya gramu 100 kama 16 ni maji. Unapaka kila karatasi, una karatasi ishirini, fikiria umeingiza maji kiasi gani katikati ya matabaka, na hayo maji yakipata moto yanakuwa mvuke, wa juu unatoka, wa chini hauna pa kutokea. Kwa hiyo unatumia samli. Kule Gaziantep, kusini mwa Uturuki, mji ambao baklava yake ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 kwa jina la mji wenyewe, hawakubali kitu kingine zaidi ya samli, tena ya maziwa ya kondoo na mbuzi. Wewe tafuta samli nzuri ya ng'ombe, au yeyusha siagi isiyo na chumvi gramu 300 kwa moto mdogo, iache itoe povu, engua povu, subiri chembe nyeupe zizame, kisha mimina taratibu ile ya njano peke yake. Utapata kama gramu 240, inatosha trei moja ya inchi 13 kwa 9.

Manda za sambusa sikushauri. Sio kwamba hazifai kwa lolote, ila ni nene kwa kazi hii na zimeshapitishwa kwenye chuma cha moto, kwa hiyo zinakauka kabla hazijaachana kuwa majani membamba. Habari njema ni kwamba karatasi za nyumbani zinawezekana bila mashine, na akina mama wa Kituruki wanafanya hivyo majumbani. Unga wa ngano nusu kilo, maji ya uvuguvugu robo lita, mafuta vijiko 3 vya mezani, siki kijiko 1, chumvi kijiko cha chai 1. Kanda mpaka donge liwe laini kabisa, funika lipumzike saa nzima, hiyo saa usiipunguze, bila kupumzika donge linajirudi kila ukisukuma. Gawa madonge 20. Kila moja sukuma liwe kama chapati ndogo, nyunyizia wanga wa mahindi wa kutosha (si unga wa ugali jamani, ule wanga mweupe laini unaoteleza kwenye vidole), bebanisha 10 moja juu ya nyingine zikitenganishwa na wanga, halafu zisukume zote kwa pamoja kama chapati moja mpaka zifike ukubwa wa trei. Ule wanga ndo unazuia zisigandane. Bunda moja linakwenda chini, moja juu, katikati korosho, na kwa mtindo huu huhitaji kupaka karatasi mojamoja.

Korosho zisiwe za chumvi wala zilizokaangwa, gramu 450, na ziponde kwenye kinu zifikie ukubwa wa punje ya mchele. Blenda inakupa unga, na unga wa korosho unanyonya shira unakuwa uji. Changanya na iliki ya kusaga kijiko cha chai kimoja. Karanga ukitaka kutumia, toa maganda mekundu kwanza, yana uchungu. Pistachio ndo za kule Gaziantep ila bei yake unaijua, na korosho sio kitu cha kubahatisha, Lebanoni na Syria wanazitumia sana kwenye vitamu vya namna hii.

Ukishapanga, kata kabla ya kuoka, tena kisu kifike mpaka chini kabisa, ikishaoka ukikata itavunjikavunjika yote. Pasha samli iwe ya moto kweli, mimina juu yote hasa kwenye mikato, acha dakika 10 izame. Oveni nyuzi 170, trei iwe ngazi ya chini, saa moja hivi. Na usitoe kwa sababu juu pamependeza, nadhani hapo ndo ilikuponyoka, juu siku zote panatangulia. Ingiza ncha ya kisu kwenye kipande cha kona ukiinue kidogo, chini nako kuwe na rangi ya dhahabu na ukikigonga kwa kucha kitoe mlio mkavu. Kama bado na juu pameshaiva, funika juu kwa foili uendelee. Kama unatumia sufuria na mkaa, mkaa wa chini uwe mwingi kidogo kuliko ninavyojua watu wengi wanavyoweka kwa keki, ila usambazwe usirundikane katikati.

Shira: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, juisi ya nusu limau. Limau sio kwa ajili ya ladha tu, asidi yake inaivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo haurudi kuganda kirahisi. Ya kwako iliganda kwa kukosa limau, au kwa kukoroga ikiwa inachemka, maana ile sukari iliyoruka pembeni ya sufuria ikirudi ndani kwenye mwiko inaanzisha chengachenga za shira nzima. Kwa hiyo sukari ikishayeyuka usikoroge tena. Chemsha dakika 8 mpaka 10, chovya kijiko, ipoe kidogo, bana tone kati ya vidole viwili uvute, ukiona uzi mmoja mwembamba imetosha. Hapo Mbeya kipimajoto cha kitabu kitakudanganya kwa sababu ileile ya mwinuko, vidole havikudanganyi. Maji ya waridi ukiyapenda weka ikishazimwa.

Halafu kimoja kiwe cha moto na kingine kiwe kimepoa. Mimi nakwambia shira ipikwe mapema ipoe kabisa, baklava ikitoka tu kwenye oveni unamimina taratibu, utasikia inachirizika kwa sauti, hiyo ndo unayoitaka. Vyote vikiwa vya moto matabaka yanalainika, vyote vikiwa vya baridi shira inakaa juu haizami.

Ijumaa ndo siku yake hasa, maana inahitaji usiku mzima shira itulie. Usiifunike ikiwa ya moto, mvuke utarudi ndani na utakuwa umerudi kulekule kwa maji, subiri ipoe kabisa kisha tanda kitambaa safi, na isiingie kwenye friji, samli itaganda na matabaka yatakuwa magumu. Sosi ya nyanya nayo pika Ijumaa uiweke kwenye friji, inazidi kuwa tamu. Ila spageti zenyewe usizitie kwenye maji mpaka wakwe wameshanawa na wamekaa, ni dakika 12 tu na watakuwa bado wanakunywa juisi.