Machipuko ya Magomeni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri shairi la Kiingereza linalosifu mwezi wa Aprili huko Ulaya, theluji inapoyeyuka na maua kuchanua. Majira hayo niyaite masika au machipuko? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Yaite machipuko, au majira ya kuchipua ukitaka kumwonea huruma msomaji. Neno limetokana na chipua, halina kosa, na ndugu yake chipukizi tunaye siku nyingi. Masika tuachie wenyewe: hiyo ni mvua yetu ya Machi hadi Mei, na kinachoitangulia si baridi bali joto la kukausha visima.

Ningeishia hapo, ila umenitonesha kidonda. Juzi nimeletewa mswada wa riwaya. Mahali ni Magomeni, Dar es Salaam, mwezi ni Aprili, na sentensi ya kwanza inasema: “Machipuko yaliwadia, jua likachomoza kwa haya, na theluji ya moyo wa Asha ikaanza kuyeyuka.” Magomeni! Aprili! Mto Msimbazi umefura, Jangwani hapapitiki, Asha kashika viatu mkononi na gauni kalipandisha magotini, halafu mwandishi anatuletea jua lenye haya. Na hiyo theluji binti kaipatia wapi? Ya kwenye friji ni barafu, bwana. Nikafunua mbele, nikakuta majani yanapukutika “kwa huzuni ya vuli”. Vuli ipi? Vuli ya Dar es Salaam ni Oktoba hadi Desemba: mvua inarudi, majani yanaota upya, mikrismasi imewaka maua mekundu barabara nzima. Kama tuna majira yanayostahili kuitwa machipuko, basi ni hayohayo anayoyaliza. Nusu ya lawama nawapa watunga kamusi waliogawa masika, kiangazi, vuli na kipupwe kwa majira manne ya Ulaya kama sare za shule, zimkae mtoto zisimkae.

Sikatai kukopa. Nairuzi asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi, unaoangukia machipuko yao ya mwezi Machi. Watu wa Makunduchi, kule Unguja, huuadhimisha Julai, kipupwe kimekolea, wanaume wakichapana kwa migomba, wala hakuna anayejisingizia theluji.

Kwa hiyo endelea na shairi lako, Aprili ya Ulaya ibaki Ulaya. Mswada nimeurudisha, na pembeni nimeandika: Asha anunuliwe mabuti.